Pole ya Taifa kwa Mguu wa Bi Havijawa

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana na kwetu, ng'ambo ya nchi zote mnazozijua, kwa hiyo naomba msomaji asianze kumkonyeza jirani yake kila nikitaja kiongozi. Hamuwajui. Mimi mwenyewe siwajui. Nimesimuliwa na msafiri mmoja aliyepita huko akielekea kwingine, na nilimwamini, maana alikuwa anachechemea.

Watu wa huko wana adabu. Sisi tunajisifu kwa adabu, lakini tukiwaona wale tutajificha. Mtu akipiga chafya, mtaa mzima unamwambia pole. Akibeba mzigo, pole. Akiwa hana mzigo, pole kwa kukosa cha kubeba. Na aliyepewa pole, kama kweli alilelewa na wazazi wake, sharti aitikie: "Asante, nimeshapoa." Asipoitikia, watu hutazamana na kuulizana huyu ni mtoto wa nani.

Serikali ya huko ni sikivu. Iliona adabu hii inapotea bure mitaani bila kuleta maendeleo, ikaunda Wizara ya Pole. Wizara ikaajiri Maafisa Pole wa mkoa, wa wilaya na wa kata, ikawajengea chuo cha kujifunza kuinamisha kichwa, na Bunge likatunga sheria fupi iliyopigiwa makofi marefu. Sheria ilisema hivi: mtu akiumia kwa uzembe wa mwingine, akapewa pole, naye akaitikia kwamba ameshapoa, basi amepoa. Kesi imekwisha, madai yamezikwa, na mguu uliovunjika unahesabika mzima. Kwa njia hiyo nchi iliondokana na majeruhi karibu wote, na wataalamu wa nje wakawa wanakuja na makamera kujifunza siri ya mafanikio.

Waziri wa Pole aliitwa Mheshimiwa Daktari Shomari Bwimbo. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na uso wake ulikuwa umezoea huzuni kiasi kwamba hata harusini alilazimika kuwaeleza wenyeji kuwa anafurahi.

*

Bi Havijawa alikuwa mwamuzi wa mpira wa pete. Kazi hiyo si ya mtu mwenye moyo wa karatasi. Alishawahi kumtoa uwanjani binti wa dada yake kwenye fainali, na dada yake akanuna hadi mwezi wa mfungo. Kipenga chake hakikuwahi kumtoka shingoni, hata akienda kuoga, na watoto wa jirani walikuwa wanaamini amezaliwa nacho.

Mwaka huo yeye na mumewe, Bwana Kingwele, waliamua kupumzika. Wakaenda kwenye nyumba ya mapumziko iitwayo Sahau Taabu, iliyo juu ya kilima chenye upepo mzuri na chai ya tangawizi. Getini kulikuwa na kibao kilichoandikwa: MALI YA MWANANCHI WA KAWAIDA. Ndani kulikuwa na ngazi ya mbao ya kupandia ghorofani, na juu ya ngazi palitandikwa zulia jekundu, nene, zuri la kutamanisha. Chini ya zulia kulikuwa na kidato kilichooza. Lakini nani anakwenda mapumzikoni kufunua mazulia?

Asubuhi ya kwanza Bi Havijawa akashuka kufuata chai. Akakanyaga. Zulia likakubali, mbao ikakataa.

Mtunza nyumba, Bwana Kombo, alikuwa amesimama chini na sinia la vitumbua. Akasema, "Pole sana mama!"

Nawaomba msikilize vizuri, maana jambo hili litarudi mbele. Alisema pole kabla Bi Havijawa hajafika chini.

Alipofika chini, mguu ulikuwa umeelekea upande ambao miguu haielekei. Kwa maumivu hakuweza kumwita mumewe. Akashika kipenga, akapuliza. Bwana Kingwele akatoka mbio na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Pole na wewe bwana," Kombo akamwambia.

"Asante, nimeshapoa," akajibu Bwana Kingwele, kwa kuwa alilelewa vizuri. Na kwa jibu hilo, kisheria, alikuwa ameshapoa msiba wa kuvunjikiwa mke. Tangu siku hiyo Afisa Pole wa kata alikuwa anampitia mara kwa mara kuhakikisha haonekani na majonzi.

*

Hospitalini walimpokea kwa pole ya mapokezi, pole ya maabara na pole ya picha. Bi Havijawa alikuwa bado ameuma meno kwa maumivu, hakuitikia hata moja. Daktari akamwangalia kwa wasiwasi.

"Mama, mbona huitikii?"

"Kwa sababu sijapoa, daktari. Naumwa."

Daktari akarudi nyuma hatua moja, maana hajawahi kusikia jibu la namna hiyo kutoka kwa mtu mzima. Ikabidi karani wa mahakama aitwe. Karani akafika, akafunga kikaratasi kwenye kidole gumba cha mguu uliovunjika: KIELELEZO A.

"Sasa nifungeni huo mguu," akasema Bi Havijawa.

"Haiwezekani mama," akajibu daktari. "Kwa kuwa hujaitikia, kuna kesi. Kwa kuwa kuna kesi, mguu huu ni mali ya mahakama. Nikiunyoosha nitakuwa nimeharibu ushahidi."

"Na nikiitikia?"

"Ukiitikia utakuwa umeshapoa. Mimi siruhusiwi kutibu watu wazima."

Wakampa dawa ya kichwa, kwa sababu kichwa hakikuhusika na kesi.

Usiku ule Bi Havijawa alilia. Nasema wazi, alilia, ingawa uwanjani hakuna aliyewahi kumwona akitokwa na chozi. Mfupa ukiachwa hivyo utajiunga vibaya, na mwamuzi asiyeweza kukimbia na mpira hana tena kazi uwanjani ila kukaa jukwaani na kuzomea wenzake. Alikuwa anaupenda uwanja kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

*

Wakatafuta wakili. Alipatikana Wakili Lugusha, mtu mwembamba aliyekuwa bingwa wa kesi za majeruhi, ingawa hajawahi kuendesha hata moja.

"Bi Havijawa, umeumia kwenye nyumba ya mapumziko ya watu. Kisheria una njia tatu," akasema, akivua miwani na kuivaa tena. "Ya kwanza ni kuitikia pole. Hiyo ndiyo maarufu."

"Siitaki."

"Ya pili ni kuishtaki ngazi. Hii ina wepesi wake, ngazi haina kinga ya Bunge. Shida yake ni kwamba ukishinda, itakayofungwa ni ngazi."

"Na ya tatu?"

Wakili akaangalia mlango, akapunguza sauti. "Ya tatu ni kumshtaki mwenye nyumba. Kwamba alijua kidato kimeoza, akakifunika badala ya kukitengeneza. Mahakama ikikubali, atabeba matibabu yako mpaka utakapokimbia tena. Ila njia hiyo hakuna aliyewahi kuifikisha mwisho."

"Kwa nini? Majaji wanahongwa?"

"Hapana! Majaji wetu ni safi. Watu huitikia njiani." Akamsogelea. "Watakuja, dada yangu. Watakuja na pole za kila aina. Wewe jiangalie tu huo ulimi."

"Na huyo mwenye nyumba ni nani?"

"Si umeona kibao? Ni mwananchi wa kawaida."

*

Wakaja kweli, hadi nyumbani alikorudishwa na mguu wake wa mahakama. Siku ya kwanza alikuja Afisa Pole wa kata na pole ndogo, ile ya kusimama mlangoni. Akafuata wa wilaya na pole ya kati, inayotolewa mikono ikiwa nyuma. Wa mkoa alileta pole kubwa, yenye kufuta macho kwa kitambaa cha wizara. Zikaja kwaya. Zikaja shule za msingi, watoto wamepangwa kwa urefu, wakiimba pole kwa sauti nne.

Msidhani ilikuwa rahisi. Bi Havijawa alilelewa na bibi aliyekuwa akimfinya sikio kwa kila salamu isiyoitikiwa. Kila aliposikia pole, ulimi ulimwasha, na sikio likauma lenyewe. "Asante" ilikuwa inapanda kooni kama kikohozi. Alipoona inafika menoni, alikuwa anachomeka kipenga na kupuliza: fyuuu! Wageni wakaruka, na shuka la kitandani likaanguka.

Bwana Kingwele naye alikuwa hatari kubwa ndani ya nyumba, kwani adabu ilikuwa inamtoka bila kupenda. Ikabidi mkewe amjaze mdomo kwa miwa saa zote za wageni. Akatafuna miwa hadi taya zikavimba, na Afisa Pole wa kata akampa pole ya taya. Akaitikia.

Mwishowe akaja Waziri mwenyewe, na pole ya taifa, ambayo hutolewa kwa bendi ya tarumbeta. Kitanda cha Bi Havijawa kikatolewa nje, uani, ili kamera zipate mwanga.

"Ndugu Bi Havijawa," alianza Mheshimiwa Bwimbo, na uso wake ukalegea kwa huzuni aliyoisomea. "Kwa niaba ya serikali, kwa niaba ya wizara, kwa niaba ya idara zote zilizo chini ya wizara na zile zilizo pembeni yake, na kwa niaba yangu mimi binafsi, nikiwa kama mwananchi wa kawaida, mwenye nyumba yangu ya kawaida pale kilimani..."

Tarumbeta zikanyamaza. Bi Havijawa akamtazama Wakili Lugusha. Wakili akaitazama miwani yake.

"...nakupa pole."

Hata kuku walisimama. Majirani waliokuwa wamepanda ukutani wakaanza kumnong'oneza, "Itika, mama, itika, ni Waziri huyo!" Bi Havijawa akahisi bibi yake amefufuka na kulishika sikio. Jasho likamtoka. Machozi yakamtoka. Midomo ikafunguka.

Fyuuuuuu!

Jioni ile Bunge lilikaa kwa dharura kujadili maana ya kipenga. Mheshimiwa mmoja alisema kipenga kirefu maana yake mchezo umekwisha, kwa hiyo mama amepoa. Mwingine akauliza kama kilipulizwa kirefu au kifupi, na urefu wa kipenga unapimwa na mamlaka gani. Wa tatu alipendekeza vipenga vyote vipigwe marufuku, lakini askari wa barabarani wakatishia kuacha kusimamisha magari, na serikali ikaona hilo litawaumiza askari bila sababu. Hoja ikaahirishwa.

*

Kesi ikafika mahakamani. Hakimu Yusta Mng'ong'o alikuwa amekaa kwenye kiti kile miaka mingi bila kuamua shauri hata moja la majeruhi, maana wote walikuwa wanaitikia kwenye korido. Nyundo yake ilikuwa bado iko kwenye nailoni. Aliifungua taratibu, kwa furaha ambayo hakuificha.

Akaitwa Bwana Kombo, mtunza nyumba.

"Ulimpa mama huyu pole?" aliuliza Wakili Lugusha.

"Nilimpa. Mimi nina adabu."

"Ulimpa wakati gani?"

"Wakati uleule."

"Alikuwa ameshafika chini?"

"Bado."

"Sasa alikuwa wapi?"

Kombo akajikuna kisogo. "Njiani."

"Njiani wapi, Bwana Kombo?"

"Hapo kati. Baina ya ngazi na sakafu."

Mahakama ikacheka, hata karani. Wakili Lugusha hakucheka, alikuwa anatetemeka kwa raha. "Ulijuaje kwamba ataumia, na hali bado yuko hewani?"

"Mbona pale wote huumia," akajibu Kombo, akishangaa kuulizwa jambo lililo wazi namna hiyo.

Mheshimiwa Bwimbo akasimama kujitetea mwenyewe, kwa kuwa aliona hakuna wakili anayeweza kuhuzunika kama yeye. "Mheshimiwa Hakimu, tunachokisikia hapa ni ushindi! Nchi nyingine, majeruhi husubiri pole siku nzima. Kwetu inamfikia akiwa angani. Hiyo inaitwa huduma ya haraka! Na kuhusu ngazi, napenda kuitaarifu mahakama yako tukufu kwamba ukarabati mkubwa umeshafanyika. Naomba twende sote tukaone."

*

Mahakama ikahamia kilimani. Alienda Hakimu na nyundo yake, Maafisa Pole wa ngazi zote, bendi, kamera, na mama yake Waziri, Bi Siwema, ambaye hajawahi kukosa kumwona mwanawe akihutubia. Bi Havijawa alibebwa kwa machela, kidole gumba mbele, kikaratasi kinapepea.

Ukarabati ulionekana tangu mlangoni. Zulia la zamani lilikuwa limeondolewa, na mahali pake palitandikwa zulia jipya, la kijani, nene zaidi ya lile la kwanza.

Waziri akapanda hadi kidato kile, akageuka, akasimama juu yake kwa miguu miwili. "Ndugu zangu," akasema, "tazameni uimara! Ngazi hii ni kama serikali yenyewe. Haitikisiki, haiyumbi, wala hai..."

"Pole mheshimiwa!" alisema Kombo.

Waziri wakati huo alikuwa njiani.

Alipofika sakafuni, mguu wake ulikuwa umeelekea kulekule ulikoelekea wa Bi Havijawa. Waziri akafungua mdomo apige yowe, na hapo akawaona Maafisa Pole wake wote, aliowasomesha mwenyewe, wakijipanga mstari na kuinamisha vichwa. Akaelewa. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Pole mheshimiwa," alisema wa kata.

Waziri akatikisa kichwa, macho yamemtoka.

"Pole sana mheshimiwa," alisema wa wilaya, mikono nyuma. Wa mkoa akatoa kitambaa. Bendi, kwa mazoea, ikapiga pole ya taifa. Waziri akagaagaa, anawafukuza kwa macho, lakini wao walidhani hiyo ni huzuni ya kiwango cha juu, wakazidi kutoa pole.

Ndipo umati ukapasuka, akapita Bi Siwema na mkongojo wake. Akainama, akamshika mwanawe shavu.

"Pole, mwanangu."

Nani anamnyima mama yake jibu? Mikono ya Waziri ikadondoka yenyewe. "Asante mama," akalia, "nimeshapoa."

Watu wa gari la wagonjwa waliokuwa wameshafika na machela wakatazamana, wakaikunja, wakarudi garini. Mtu mzima hapakiwi.

"Rudini!" alipiga kelele Waziri. "Naumwa! Mguu wangu jamani!"

"Mheshimiwa hana tatizo," alisema dereva kwa heshima, akiwasha gari. "Sheria ni yako mwenyewe."

Mimi ningekuwa Bi Havijawa ningecheka hadi mbavu zichoke. Yeye hakucheka. Alikuwa anajua mguu ule unasema nini. Akachomeka kipenga, akapuliza kwa nguvu zake zote, na uwanja mzima, samahani, mahakama nzima ikasimama.

"Nyinyi mmelelewa wapi?" akafoka kutoka kwenye machela. "Mchezaji akiumia, mchezo unasimama! Anatibiwa kwanza! Nani alisukuma, nani aliteleza, nani atasema pole, hayo yote ni baadaye! Mpelekeni huyo mtu hospitali!"

Hakimu Mng'ong'o alikuwa anaisubiri siku hiyo maisha yake yote. Akatafuta mahali pa kugonga nyundo, akagonga kwenye ngazi, na kipande kingine kikaanguka. "Mahakama imeamua!" akasema. "Majeruhi wote watibiwe kwanza, wawe wamepoa kisheria au hawajapoa. Na matibabu ya mama huyu ni juu ya mwenye nyumba, mpaka siku atakapokimbia na mpira mbele yangu. Huwezi kumpa mtu pole angani halafu ukasema hukujua."

Bunge, ambalo kwa kawaida huchukua msimu mzima kubadilisha koma, liliufanya uamuzi huo kuwa sheria alasiri ileile, kwa kuwa majeruhi mmoja alikuwa ni wa kwao.

*

Wakalazwa chumba kimoja, vitanda vinatazamana, miguu miwili mieupe kwa plasta imening'inizwa juu. Daktari alisema wa Bi Havijawa umewahiwa, utakimbia. Alipoambiwa hivyo alilia tena, safari hii kwa furaha, na Bwana Kingwele akalia naye bila kuogopa afisa yeyote. Hakuwa na muwa mdomoni.

Halafu Waziri akageuza kichwa juu ya mto. Hapakuwa na kamera wala bendi, na uso wake, kwa mara ya kwanza, haukuwa na huzuni ya wizara. Ulikuwa na maumivu tu.

"Bi Havijawa."

"Naam."

"Pole."

Ilikuwa pole ya kweli, msafiri wangu aliniapia. Bi Havijawa mwenyewe aliisikia kuwa ni ya kweli. Alikitafuta kipenga shingoni hakukiona, muuguzi alikuwa amekiweka kabatini. Sheria ilikuwa imeshabadilika, kesi imekwisha, na kuitikia hakungempunguzia kitu.

"Ngazi je?" akauliza Bi Havijawa.

"Ngazi?" Waziri akachangamka. "Usiwe na wasiwasi kabisa, dada yangu. Nimeshaagiza zulia jingine."

"Basi bado sijapoa," akasema Bi Havijawa, akageukia ukutani kulala.

Maneno hayo yalitoka hospitalini na wauguzi, yakashuka mitaani, na leo ukifika nchi ile ukamkanyaga mtu, au ukamvunjia kikombe, ukamwambia pole, hatakwambia ameshapoa. Atakutazama usoni, kwa adabu zote, na kukuuliza: "Ngazi je?" Viongozi wanasema adabu imeporomoka sana.

Nami namshukuru Mungu kwamba siishi huko. Kwetu sisi hatuna shida hizo. Ngazi zetu zote zina mazulia.